Providence kwa miguu na shangazi: majumba ya mbao, meya aliyefungwa, nyota tatu na nusu

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asihangaike. Nyota 3 na nusu kati ya 5. Mtembezaji peke yake ningempa 3, hiyo nusu ni ya shangazi yangu, mtaona mbele kwanini.

Mi nakaa Worcester, Massachusetts, mwaka wa tisa huu, na Providence, mji mkuu wa jimbo jirani la Rhode Island, iko kama saa moja tu ukishuka na njia ya 146, lakini siku zote nilikuwa napita tu, namchukua mtu uwanja wa ndege nageuza, au harusi ya Mkongo mmoja nakula wali nageuza. Sasa shangazi kaja kutoka Unguja kwa miezi miwili, wiki ya tatu kachoka, ananiambia "mwanangu, ntarudi nyumbani niwaambie nini, kwamba nimeliona duka la Walmart?" Na shangazi si mtu wa Walmart, kafanya kazi ya ukarani serikalini miaka thelathini na ushei, mafaili ya viwanja na majengo, nyumba kongwe ndo maisha yake yote. Nikasema huyu nimtafutie mji wa zamani wenye majumba. Boston kila mtu anakwenda. Nikakuta ziara ya kutembea kwa miguu Providence, majumba ya kale pamoja na "kashfa za mji", saa mbili na nusu, dola 32 kila kichwa, mzee hapunguziwi hata senti. Nikalipa.

Jina la kampuni sitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki ugomvi na mtu, ziko kadhaa zinazofanya kazi hii na nadhani zinafanana.

Lalamiko la kwanza nalimaliza hapa hapa. Ujumbe wa simu ulisema tukutane saa nne asubuhi sehemu fulani, kumbe wenzetu wamekutanikia upande wa pili wa kanisa, tumesimama dakika ishirini kwenye upepo wa Oktoba, shangazi kajifunika kanga juu ya koti juu ya buibui, napiga simu haipokelewi. Mwishowe kaja kijana ana mwavuli mwekundu, anatabasamu utadhani hakuna kilichotokea. Kwetu papasi wa Forodhani, wale vijana wanaotembeza wageni, angekuwa keshaomba radhi mara saba na kakutafutia kiti.

Haya, twende kwenye majumba.

Mtaa wenyewe unaitwa Benefit Street, uko juu kidogo ya kilima, wao wanauita maili moja ya historia na safari hii matangazo hayakudanganya. Nyumba za miaka ya 1700 na mwanzo wa 1800 zimepangana ubavu kwa ubavu, rangi kila moja na yake, bluu iliyoiva, njano ya haradali, nyekundu ya damu ya mzee, milango ina nguzo mbili na kidirisha cha nusu duara juu yake. Mji ulianzishwa 1636 na Roger Williams, mchungaji aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya maneno yake kuhusu dini, akaja huku akasema kila mtu aabudu anavyojua yeye na serikali isiingie. Shangazi hapo akaitikia kwa kichwa, kampitisha huyo.

Ila kilichomshika kweli ni ukuta. Kaenda kaugusa. Kaugonga kwa kidole kama anagonga mlango. Kanigeukia: "Mbao?" Nikamwambia mbao. "Miaka mia mbili na zaidi, mbao?" Nikamuuliza kijana, akasema ndio, nyingi ni mbao tupu, mbao za nje zinabadilishwa na kupakwa rangi kila baada ya muda lakini mifupa ya ndani ni ile ile. Shangazi akasema kwetu mchwa wangekuwa wameshafanya hitma. Alafu akanyamaza kidogo nikajua anawaza nini, maana Beit al Ajaib yetu, jumba la 1883, mawe na nguzo za chuma, upande mzima uliporomoka siku ya Krismasi 2020 na watu wakafa, na hawa wana vibanda vya mbao vya seremala wa meli vimesimama wima.

Lakini msidhani vilisimama vyenyewe. Kijana alieleza vizuri hapa, nampa haki yake. Miaka ya 1950 mtaa huu ulikuwa umechakaa kabisa, nyumba moja imekatwa vyumba vya kupangisha familia nne tano, paa zinavuja, na mipango ya kuvunja ilikuwepo, chuo kikuu kinataka nafasi. 1956 wakaanzisha jumuiya ya kuhifadhi majumba, Providence Preservation Society, na 1959 ikatoka ripoti moja kubwa kuhusu kilima hiki, College Hill, nyumba moja moja zimeandikwa umri na hali yake, ikawa mfano hata kwa miji mingine Marekani. Wenye hela wakanunua kwa bei ya kutupa wakatengeneza. Leo ukitaka kununua hapo, kaa chini kwanza ndo usome bei.

Kijana akafunga hadithi hapo, makofi kidogo, tunaanza kutembea. Shangazi kanivuta mkono. "Muulize, waliokuwa wamepanga humo walikwenda wapi?"

Mi nikaona aibu, kundi lishasogea, watu kumi na mbili, wengi wastaafu wa Kizungu na mabinti wawili wa chuo. Nikauliza. Kijana kasita, kaangalia mwavuli wake, alafu akasema ukweli, na ni ukweli mzito: wengi walikuwa watu weusi na watu wa Cape Verde, waliosukumwa nje. Pale Fox Point, mwisho wa mtaa upande wa bahari, walikaa wa Cape Verde mabaharia na wapakiaji bandarini, ikaja barabara kuu ikapasua katikati, alafu kodi zikapanda. Upande wa kaskazini, Lippitt Hill, mtaa wa weusi ulivunjwa wote kwa jina la kuendeleza mji. Yani nyumba zikaokolewa, watu wakaachwa wajiokoe. Hilo halikuwepo kwenye ziara, limetoka kwa sababu ya shangazi, na ndo mwanzo wa ile nusu nyota.

Kuanzia hapo ikawa mchezo. Shangazi anauliza, mi natafsiri, kijana anajibu, wale mabinti wa chuo wanaandika kwenye simu. Yule bwana mmoja mwenye kofia, mwenyeji wa Providence aliyekuja kuwatembeza wageni wake, akawa anacheka tu anasema mama aulize tena.

Jumba la John Brown sasa, mfanyabiashara tajiri wa enzi hizo. Hili ni la matofali, ghorofa tatu, lilijengwa 1786 hadi 1788, ramani kachora ndugu yake Joseph, na John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa rais, alilisifu kwamba ndo nyumba ya mtu binafsi yenye fahari kupita zote alizoziona bara lile. Leo ni makumbusho. Tulisimama nje tu (kuingia ni tiketi nyingine, na hili mngesema mapema jamani), kijana anaeleza matofali, dari, samani, biashara ya China. Biashara ya China! Mi nilikuwa nimesoma kidogo usiku wake kwa hiyo safari hii sikungoja shangazi, nikauliza mimi, na ile nyingine?

Hawa Brown walikuwa ndugu wanne: Nicholas, Joseph, John na Moses. 1764 walituma meli inaitwa Sally kwenda Afrika Magharibi, nahodha Esek Hopkins, ambaye baadaye ndo akawa mkuu wa kwanza wa jeshi la majini la hawa waliopigania uhuru. Kanunua watu 196. Waliokufa si chini ya 109, njaa, maradhi, kuna walioasi wakapigwa risasi, kuna waliojirusha. Hesabu hii wanaijua kwa sababu nahodha aliiandika mwenyewe kwenye daftari, mtu wa ngapi kafa siku gani, hivyo hivyo kama anavyohesabu mapipa ya pombe. Daftari lipo mpaka leo.

Moses ilimkaa rohoni, 1773 akawaacha huru watumwa wake mwenyewe, akawa mpinzani mkubwa wa biashara ile. John hakujali kabisa. Walipotunga sheria ya 1794 ya kuzuia meli za Marekani kubeba watumwa, John Brown akawa mtu wa kwanza wa Rhode Island kushitakiwa kwa sheria hiyo, 1797, meli yake Hope ikataifishwa. Na aliyekuwa anamwandama akina nani, jumuiya ya wapinga utumwa ambayo Moses kaianzisha na wenzake. Alafu John kaingia bunge la nchi, kakaa humo anatetea biashara ile mchana kweupe. Mnaona sasa, kashfa ya siasa ya mji huu haikuanza na yule meya ntakayemfikia, ila ya zamani imevaa wigi la unga na inaitwa urithi.

Shangazi kasikiliza yote alafu kasema "Ala, kumbe Moses ndo mtu." Nikamwambia ngoja. Moses huyu huyu ndo alimfadhili Samuel Slater, Mwingereza aliyetoroka kwao na siri ya mashine za kusokota uzi kichwani, wakafungua kinu cha pamba Pawtucket, mji jirani hapo, jengo la 1793 bado lipo. Pamba inatoka wapi? Kwa watumwa wa kusini. Vinu vikazaliana New England nzima, na kitambaa cheupe kutoka vinu vya huku, kikipakiwa meli za Salem, ndicho kilichokuja kutua Unguja, na sisi tukakipa jina la kwao: merikani. Ubalozi wao mdogo Unguja ulifunguliwa 1837 kwa sababu ya biashara hiyo hiyo. Shangazi akasimama katikati ya njia. "Hii merikani yetu? Ya sanda?" Ndo hiyo. Mashuka, mashati, sanda, na bara huko ilikuwa kama pesa, ukisafiri na msafara unalipa kwa mikono ya merikani. Kaangalia lile jumba tena, safari hii hakuligusa.

Kijana wa mwavuli hakuwa anaijua habari ya merikani. Kaniuliza inavyoandikwa. Nikamwandikia.

Kidogo tu mbele, kwenye uwanja wa chuo chenyewe, Brown University, kuna kumbukumbu ya utumwa iliyowekwa 2014, kazi ya Martin Puryear, duara kubwa la chuma limezama nusu ardhini na mnyororo umekatika juu, pale ulipokatika panang'aa kama kioo. Ziara haifiki hapo. Nendeni wenyewe, ni bure.

Kanisa la kwanza la Wabaptisti nalipita haraka, ni zuri, jeupe, 1775, mnara wa futi 185, inasemekana waliupandisha kwa siku tatu na nusu kwa sababu mafundi wa meli walikuwa hawana kazi baada ya Waingereza kufunga bandari ya Boston. Old State House nalo, tofali jekundu, hapo tarehe 4 Mei 1776 wabunge wao walimkana mfalme wa Uingereza miezi miwili kabla ya wenzao wote kutangaza uhuru, na wenyeji hawatakuacha uondoke bila kuambiwa hilo mara mbili.

Hapo magoti ya shangazi yakawa yamekwisha. Lalamiko la pili hili: kilima kina mteremko wa kufa mtu, njia ya watembea kwa miguu ni matofali yaliyoinuliwa na mizizi, na tangazo liliandika "matembezi mepesi". Mepesi kwa mbuzi. Hakuna sehemu ya kukaa iliyopangwa hata moja. Tuliomba tupumzike kwenye ngazi za Athenaeum, maktaba ya 1838, ndani mnaruhusiwa kuchungulia na palituokoa kwa mambo mengine ambayo mzee mwenye kisukari anayaelewa.

Tukashuka mpaka mtoni, na hapa ndo ziara ikapata moto.

Mto huu usidhani ulikuwa unaonekana hivi. Miaka mingi walikuwa wameufunika kwa daraja, barabara, maegesho, hadi likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama daraja pana kuliko yote duniani, futi 1,147 upana! Watu walikuwa wanapaki gari juu ya mto na hawajui kama kuna mto. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wakaufunua, wakahamisha hata mkondo, wakaweka vijidaraja vya kupendeza na sehemu za kutembea. Tangu 1994 kuna usiku wanawasha mioto ya kuni katikati ya maji, makarai zaidi ya themanini, WaterFire wanaita. Sisi hatukuiona, haikuwa siku yake.

Na jina linalotajwa kila ukitaja mto ni Buddy. Vincent "Buddy" Cianci.

Nisimulie kama kijana alivyosimulia, maana hapa kweli alikuwa na kipaji, alikunja mwavuli kabisa. 1974, kijana wa miaka 33, mtoto wa Waitaliano, mwendesha mashtaka aliyekuwa anapambana na mafia wa mji huu, anagombea umeya kwa tiketi ya kupinga ufisadi. Kushinda rushwa ndo sera yake! Kashinda kwa kura 709. Meya wa kwanza Muitaliano. Na kazi kafanya, hoteli ya Biltmore ya 1922 ilikuwa imefungwa, karibu kuvunjwa, kasaidia ikafunguliwa tena 1979, ukumbi mkubwa wa sinema wa 1928 nao ukaokolewa. Huku nyuma wafanyakazi wa manispaa yake wanakamatwa mmoja mmoja.

1983 akamwita nyumbani mkandarasi mmoja aliyemdhania anatembea na mkewe waliyetengana, akampiga, akamchoma na sigara, askari wake wa ulinzi yupo hapo hapo. Mahakamani hakupinga mashtaka, akapewa kifungo cha nje, na sheria ikamlazimu aachie umeya, 1984. Kwisha habari yake? Wapi. Kaingia redioni, kapiga domo miaka kadhaa, 1990 kagombea tena, kashinda kwa kura 317. Mtu kachoma mwenzie na sigara, mji umempa funguo mara ya pili.

Na alikuwa kila mahali, harusi, misiba, kufungua duka la mkate. Watu wa Providence wana msemo juu yake kwamba angehudhuria hata ufunguzi wa bahasha. Nilipomtafsiria shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, maana kwetu bahasha maana yake moja tu, na kumbe na kwao.

Tukaingia City Hall yenyewe, jengo la 1878, granite nje, mtindo wa Kifaransa, paa limekaa kama kofia, ndani kuna ngazi pana na mwanga unashuka kutoka juu kwenye paa la kioo. Zuri wallahi, halafu siku ya kazi unaingia tu kama mwananchi. Hapa ndo FBI, makachero wa serikali kuu, waliingia Aprili 1999 na kubeba mafaili. Operesheni yao waliipa jina Plunder Dome, yani kuba la uporaji. Ilianza kwa mfanyabiashara mmoja, Antonio Freitas, wa viyoyozi, aliyechoka kuombwa chochote, akakubali kuvaa kamera ya siri. Akawarekodi watu wa bodi ya rufaa za kodi ya majengo wakipokea pesa ili uthamini wa nyumba ushuke, na akamrekodi msaidizi mkuu wa meya, Frank Corrente, anapokea dola 1,000 ofisini.

Nilianza kumtafsiria shangazi hiyo ya uthamini, nikaanza kueleza kodi ya majengo ni nini, akanikata. "Mwanangu. Unanifundisha mimi uthamini?" Akanieleza yeye mchezo mzima unavyokwenda dunia nzima, faili likitaka kutembea linataka miguu, kiwanja kile kile leo kina thamani hii na kesho kimepoteza nusu bila mvua kunyesha, na bosi mkubwa hashiki pesa kamwe, mkono wake msafi, anayeshika ni wa chini. Nikamtafsiria kijana. Kijana kasema hiyo ndo kesi ilivyokuwa, Cianci mwenyewe hakuna mkanda unaomuonyesha anapokea. 2002 mahakama ikamkuta na kosa moja tu, kula njama ya kuendesha genge la uhalifu, mengine yote kaachiwa. Miaka mitano na miezi minne. Jaji akasema ni kama watu wawili ndani ya mwili mmoja. Na mwandishi wa habari wa televisheni aliyeonyesha ule mkanda kabla ya kesi, Jim Taricani, akakataa kutaja nani kampa, naye akahukumiwa kufungiwa nyumbani kwake miezi sita. Sijui mnaionaje hesabu hiyo.

Kaenda jela na wigi, karudi 2007 na upara, kaingia tena redioni, 2014 kagombea mara nyingine, kakosa lakini kapata karibu asilimia 45. Kafa Januari 2016, jeneza likawekwa humu humu City Hall watu wakapanga foleni kwenye baridi kumuaga. Picha yake ya rangi walikuwa wameshaizindua mwaka uliotangulia.

Kundi zima linacheka muda wote huu. Wigi, sigara, bahasha, ha ha ha. Yule bwana mwenye kofia akasema yeye alimpigia kura na angempigia tena, kaiba sawa lakini mto tumepata. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanacheka nini? Si pesa zao?" Hilo sikulitafsiri.

Na mto wenyewe, nimekuja kusoma baadaye, mpango wake ulichorwa na msanifu William Warner na kazi ilianza meya akiwa mwingine, Paolino, huku Buddy yuko redioni, na pesa nyingi zilikuwa za barabara kutoka serikali kuu. Buddy alikuja kukata utepe na kuutangaza, na kwa kutangaza hakuna aliyemuweza. Kijana hakusema hili. Hadithi inanoga zaidi bila yake.

Vilevile hakusema kwanini Providence ina meya hata huyo wa kwanza. 1824 na tena 1831 makundi ya Wazungu yalivamia mitaa ya watu weusi, Hardscrabble na Snow Town, wakabomoa nyumba, 1831 fujo zikaenda siku nne hadi wanamgambo wakafyatua risasi wakaua wavamizi. Wenye mali wakaogopa, wakaamua kijiji kiwe mji rasmi wenye meya na nguvu ya kutuliza watu, na meya wa kwanza akaingia 1832. Snow Town ilikuwa upande huo wa Bunge la jimbo lilipo sasa, kuba jeupe la marumaru utaliona popote ulipo. Tulisimama tukapiga picha na hilo kuba, tukaambiwa marumaru imetoka Georgia. Basi.

Kwa hiyo 3 na nusu. Kijana ana ulimi, majina na tarehe anazo, na ukimuuliza hakwepi, hiyo ni sifa kubwa. Ila ziara yake imepangwa kwamba kashfa iliyo karibu, yenye wigi na sigara, ndo ya kuchekea, na ile ya mbali yenye maiti 109 haipo mpaka mgeni ailete mwenyewe. Kama huna mtu wa kuuliza maswali kwenye kundi lako bora uende peke yako, Benefit Street haina geti wala tiketi, anza juu ushuke, usipande. Jumatatu hadi Ijumaa ili City Hall uikute wazi. Pembeni yake utaona jengo refu la 1928, ghorofa 26, wenyeji wanaliita la Superman, benki ilihama 2013 na tulipopita lilikuwa bado tupu, hakuna mwenye hela ya kulifufua na hakuna mwenye roho ya kulivunja.

Gari paki upande wa Federal Hill, mtaa wa Waitaliano, halafu mchana ule huko huko Atwells Avenue. Wana geti lina koni ya msonobari inaning'inia, wenyeji wanasema nanasi. Mtaa huu ndo bosi wa mafia Patriarca alikuwa na ofisi yake, huyo ambaye Buddy alikuwa anamshitaki ujanani. Sisi tulikula ngisi. Rhode Island 2014 walipitisha sheria kabisa kwamba ngisi wa kukaanga ndo kitangulizi rasmi cha chakula cha jimbo, sitanii, bunge lilikaa likajadili ngisi. Wanamkata pete, unga, mafuta, wanamrushia pilipili za siki. Shangazi kala sahani nzima, kasema unga mwingi, ngisi hajachujwa maji vizuri, lakini ndimu ingemuokoa. Wakaleta ndimu. Ikamuokoa.

Nimesahau sosi. Buddy alikuwa na sosi yake ya nyanya, chupa ina sura yake, imeandikwa inasaidia watoto wa skuli wasome, na 2014 waandishi wa habari wakachungulia hesabu wakakuta miaka ya karibuni watoto hawakuona kitu. Niliitafuta maduka mawili sikuipata. Shangazi kaniagiza nikiiona nimnunulie chupa mbili, moja aile, nyingine aiweke kabatini awaonyeshe wastaafu wenzake wa mafaili.